Maandalizi ya mjadala wa Jumamosi: "War of the Worlds"

Wanachama wapendwa, hamjambo.

Kabla ya kukutana South B, naomba kila mmoja airudie filamu hii ya Steven Spielberg ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya H. G. Wells ya 1898 na kugharimu zaidi ya dola milioni 130. Ubora wake mkuu ni kwamba uvamizi wa viumbe kutoka anga za juu tunauona kwa macho ya baba anayekimbia na wanawe, wala si kutoka ikulu au kambini. Tazameni anavyorudi nyumbani baada ya shambulio la kwanza, uso umejaa vumbi, kisha mbele ya kioo anang'amua kuwa ni majivu ya watu. Tom Cruise ameigiza vizuri mno hapo. Mlio wa zile mashine za wavamizi za miguu mitatu nao unatisha kuliko silaha zao, kwa hiyo tafadhali msiitazame kwa simu ndani ya matatu.

Hata hivyo, tukio la chumba cha chini ya nyumba limerefushwa kupita kiasi, na Robbie, mwana wa kiume wa baba huyo, aliyepotelea katikati ya mapigano, anatokea Boston akiwa mzima bila maelezo yoyote, jambo linalonisikitisha katika hadithi iliyojengwa kwa uangalifu hivi. Wavamizi kuangamizwa na vijidudu sioni kasoro, kwani ndivyo alivyoandika Wells. Atakayepinga aje na onyesho mahususi la kututhibitishia hoja yake.