Juu ya nini tunapimaka maji mbele batoto baingie

Ba mama na ba papa, jambo kwenu bote. Sisi njo tunapelekaka familia kuogea ku maporomoko ndogo, na tangu vakansi ianze tunapata mesaji mingi ku WhatsApp na karibu zote zinauliza kintu moya: mbona hamutupeleke Lofoi? Tunaelewa. Lofoi njo jina kubwa ya huku Katanga, maji inaanguka zaidi ya metre 300 mu parke ya Kundelungu, ukiona picha moya tu unaanza kutafuta funguo ya motoka. Lakini angalia ile picha vizuri, batoto bako wapi? Hakuna. Ile ni maji ya kuangalia, unasimama unamushika mutoto ku mukono na roho inakudunda. Kiubo ni vilevile, ni ku Lufira, na Lufira ni mto mukubwa wa mamba. Mimi nilifika Kiubo mara mbili, ni kuzuri sikatai, lakini mutoto wangu aliogea paka na macho.

Fasi yetu ni ndogo. Kijito tu. Tunatoka Lubumbashi saa kumi na mbili asubuhi, mbele ba kamio ya madini bajaze njia ya Likasi, tunaacha lami, motoka inabaki ku kijiji, kisha ni miguu dakika 40 hivi mu pori, tambarare, mutoto wa miaka 5 anatembea mwenyewe. Jina ya kijito hatuandike. Chifu njo alituomba, juu kuko batu balikujaka na basi mbili na muziki, balipoondoka chupa za plastiki zilibaki mpaka ku mizizi ya miti.

Maporomoko yenyewe ni urefu wa nyumba ya etaji moya, basi. Butamu iko chini, mu mashimo tatu ya maji, na majina ni batoto balitoa. Ya kwanza Beseni, maji ya magoti, mchanga chini, hata mutoto mwenye anaanza kutembea anakaa pale na mama yake. Ya pili Nyungu, ya kuogelea kweli. Ya tatu haina jina na hakuna mutu anaingia, hata ukiwa fundi namna gani, juu iko pale pale maji inaangukia: maji inachemka povu, povu ni hewa, na hewa haibebe mwili, unapiga mikono na unashuka tu, kisha ile inaanguka juu yako inakurudisha chini tena.

Sasa fimbo. Tuko na fimbo moya ndefu, tumeifunga vitambaa tatu vyekundu: goti, kiuno na kifua ya mutoto wa miaka 8. Mukifika, batoto bamekwisha kuvua mashati banapiga kelele, na kiongozi wetu anaingia kwanza yeye peke yake anachoma fimbo polepole ku Nyungu yote. Inakamata kama dakika 15 na ba papa banachoka kungoja. Moya alikasirika kabisa, "nimelipa njo nikuje kuangalia mutu anavua samaki bila ndoano?" Siku ileile fimbo ikagota ku gogo, chini ya maji kidogo tu, pale pale kijana yake alikuwa anataka kuruka na kichwa. Papa akanyamaza, kisha akaingia kutusaidia kulitoa. Mvua inasukumaka mawe na miti, shimo ya mwaka jana si ya mwaka huu.

Na juu ya mvua: kuanzia Novemba mpaka Aprili hatuendake. Mwanzoni tulijaribu, Novemba moya, mbingu juu yetu ilikuwa safi kabisa, kumbe mvua imenyesha kule maji inatokea. Maji ikageuka rangi ya chai, batoto tukabatoa mbio, dakika chache Beseni haionekane tena. Tulipoteza sandale na sufuria nzima ya sombe. Juni na Julai nako asubuhi ni baridi sana, mutoto anatoka meno inagongana, basi ukiweza chagua Agosti ao Septemba, moshi ya pori kuchomwa iko lakini miti inaanza kutoa majani mekundu, utapenda.

Ba mama banauliza sana kichocho, na ni sawa baulize. Vijidudu vyake vinatoka ku konokono ndogo za maji zenye zinapenda fasi maji imelala na majani iko mingi, na vinaingilia ku ngozi, zaidi mchana jua ikiwa kali. Njo maana tunaogea asubuhi, mu maji yenye inakimbia ku mawe, na taulo palepale. Kusema hatari haiko kabisa ni kubadanganya. Nyuma ya wiki sita ao nane mupime batoto, na ukiona damu ku mkojo usingoje, dawa iko, inaitwa praziquantel.

Mukubwa ni dolari 20, mutoto 10, bukari na samaki thomson ya kuchoma iko ndani. Mulete viatu vya kuingia navyo mu maji, mawe inateleza. Siku ya posho hii kunabaki fasi sita. Mwenye anaogopa maji pia anakuja: kambo yangu hajawahi kulowesha hata kidole na hakosi safari, anakalaka ku jiwe moya pale Nyungu na anahesabu vichwa vya batoto kwa sauti.