Reli ya juu isihukumiwe kwa makosa ya karne ya 19

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoshikilia kwamba treni ya mjini ama ipite chini ya ardhi au isijengwe kabisa. Hoja yao kubwa dhidi ya reli ya juu, yaani ile inayopita juu ya nguzo, ni kelele na giza. Hawasemi uongo. Reli za juu zilizojengwa New York na Chicago karne ya 19 zilikuwa mifupa ya chuma iliyosimamishwa juu ya barabara, mataruma yakilazwa moja kwa moja kwenye mihimili. Treni ikipita, kila kiungo kinalia, na mtaa ulio chini unashinda kivulini.

Lakini tazameni yaliyowapata waliokimbilia ardhini. New York ilifunga reli yake ya juu ya Second Avenue kati ya 1940 na 1942, huku mpango wa treni ya chini ya ardhi kwenye njia hiyo ukiwa mezani tangu 1929. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Januari 1, 2017: vituo vipya vitatu tu, kwa takriban dola bilioni 4.5 za Marekani. Aliyezaliwa mwaka ule reli ya juu inafungwa alizeeka akisubiri. Hilo linaniuma kuliko kelele yoyote.

Wengi hudhani kinachomaliza fedha ni handaki. Mara nyingi ni vituo: pango kubwa la kuchimba, ngazi za umeme, njia za kutokea moto ukizuka, mitambo ya kuvuta moshi, pampu zinazofanya kazi usiku na mchana. Na pampu nazo huzidiwa. Kimbunga Sandy kilipopiga mwaka 2012, mahandaki kadhaa ya New York yalijaa maji ya chumvi. Kituo cha juu kinataka ngazi na lifti, ila hewa na mwanga hakivinunui.

Nguzo za leo si zile za zamani. Daraja la zege ni zito, halivumi kama chuma. Reli huunganishwa kwa kuchomelewa, na kuta fupi za pembeni huzuia sauti ya magurudumu. Vancouver inazitumia tangu miaka ya 1980, Bangkok tangu 1999. Nakiri kwamba Bangkok, penye vituo, barabara imefunikwa kama iko chini ya paa, na hapo sitetei. Mtaa mwembamba usiwekewe nguzo. Copenhagen, iliyozindua metro yake mwaka 2002, ilichimba katikati ya mji na kupanda juu kwenye baadhi ya njia za pembezoni. Nami nasimama hapo.

Ombi langu kwa wapangaji ni moja. Wanapotuletea mchoro wa handaki, walete na wa nguzo kwa njia ile ile, kila mmoja na gharama yake, idadi ya vituo na mwaka wa kukamilika. Tusiulizwe tunapenda ipi kabla hatujaonyeshwa zote mbili.

Abiria wa kila siku