Shukrani kwa mzee wa timazi, Ngamiani

Kabati la ukutani lilikuwa limenishinda. Mbao nimeshazikata zote kwa kipimo kimoja, kumbe ukuta wa nyumba yetu ya zamani umelala: juu pana, chini pembamba. Mzee mpita njia akanikuta barazani na msumeno. "Mwanangu, umepima mara ngapi?" Mara moja, mzee wangu.

Akacheka, akaingia. Akaning'iniza timazi, ule uzi wenye kizito cha kuonyesha kama ukuta umesimama wima, akapima juu, katikati na chini, akashika kipimo kidogo kuliko vyote. Mianya iliyobaki akaifunika kwa ubao mwembamba alioupiga randa ukafuata ukuta. Nyuma akaacha nafasi ya vidole viwili, hewa ipite. Unyevu wa bahari ya Tanga tunaujua.

Hela alikataa. Kahawa na kashata alipokea. Shikamoo mzee, jina hukuniachia, lakini milango inafungika bila kukwaruza.