Barua kwa mpwa wangu anayetetemeka juu ya mti

Mpwa wangu,

Umeniandikia kwamba ukiwinda kwa upinde, kulungu akitokea tu unatetemeka na kukosa. Kwanza tuliondoe hili: wewe si mwoga. Kulungu dume akitokeza ghafla, adrenalini hupanda, moyo ukaenda mbio, vidole vikakosa utii na macho yakang'ang'ania kitu kimoja. Ubaya ni kwamba kitu chenyewe huwa pembe, na mshale hufuata jicho. Hali hii huwapata hata wawindaji wakongwe. Mimi moyo huniruka hapa msitu wa Karura, natembea mikono mitupu, pongo akikatiza njia tu.

Na tafadhali usinitajie tena kwamba sisi ni Wakamba, eti upinde uko damuni. Wazee wetu walipaka mishale sumu ya mti wa msunguti, ile inayosimamisha moyo. Mshale wa babu yako ukiingia pajani, mnyama alikuwa na safari fupi. Wewe huna sumu. Una ncha yenye makali ya wembe, na lazima ipite mapafuni, eneo la sentimita 20 hivi nyuma ya bega. Kazi yako ni ngumu kuliko ya babu, nakwambia ukweli, ingawa yeye hangekubali.

Unauliza dawa. Watu watakwambia pumua, na ni kweli: toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, moyo utapunguza kasi. Lakini naona pumzi ni nusu ya dawa. Kinachotetemesha zaidi ni kuamua mambo manne kwa mpigo huku mnyama amesimama mbele yako. Basi amua mapema. Ukishapanda na kukaa, pima umbali wa miti: huu mita 15, kisiki kile mita 25. Kupita kisiki hupigi, awe na pembe za namna gani. Akikukabili kifua hupigi, ngoja akupe ubavu. Akiwa amesimamisha masikio na kukaza shingo, hapo hasa mwache. Sauti huenda mita 340 kwa sekunde, mshale wako labda 85. Mlio wa kamba utamfikia mshale ukiwa robo ya njia, naye akikunja miguu ili aruke, mwili unashuka na mshale unapita juu ya mgongo. Wengi husema walikosa kwa kiwewe, kumbe walimpiga mnyama aliyekwisha kushtuka.

Mengine yote yakishakataliwa, linabaki moja: chagua unywele mmoja nyuma ya bega, uutazame huo. Pembe utazihesabu baadaye.

Halafu huenda mtetemeko wako si wa moyo, ni wa misuli. Ulivuta upinde mapema mno. Hata huo wako wa kapi, unaopunguza uzito ukishauvuta hadi mwisho, utakuchosha ukiushikilia dakika nzima. Vuta kichwa chake kikipita nyuma ya mti, asikuone. Na punguza uzito wenyewe wa kuvuta. Ratili 50 zinatosha kwa kulungu, hizo 70 ni za kujionyesha kwa wenzako.

Huku Nairobi mimi nalenga karatasi tu, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Lakini zoezi hili nimelijaribu, linafaa: kimbia ngazi hadi pumzi ikatike, kisha shika upinde upige mshale mmoja. Mmoja tu, kwa sababu porini huna wa pili. Mara za kwanza utaaibika.

Ukishapiga, kaa. Kumbuka aliposimama na alipopotelea, ngoja nusu saa, na ukiona dalili kwamba umepiga tumbo ngoja saa nyingi zaidi, la sivyo utamfukuza mbali na kumpoteza. Mikono itatetemeka kuliko mwanzo, kwa hiyo usishuke hapo hapo, na mkanda wa usalama usiufungue hadi miguu iguse ardhi.

Mama yako bado anadhani unawinda ukiwa chini. Hilo la kupanda miti mwambie mwenyewe, mimi simo.

Mjomba wako,
Nairobi