Taa ya gari linaloserereka si ya kufunikwa kwa utepe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kwenye dashibodi ya magari mengi yanayozunguka hapa Malindi kuna taa ndogo ya manjano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda kama njia ya nyoka. Wapo wanaoifunika kwa utepe mweusi. Wapo wanaomlipa fundi aizime kabisa. Na wapo wanaouziwa kompyuta nzima ya breki ilhali ugonjwa uko kwenye beringi ya gurudumu moja. Hao wa mwisho ndio walionifanya niandike.

Taa hiyo ni ya mfumo unaozuia gari lisiserereke na kutoka njiani. Kila kampuni ina jina lake: Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda DSC, Mitsubishi ASC, Mercedes-Benz na Suzuki ESP. Kazi ni ile ile. Ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S, ukiwa umetengenezwa kwa ushirikiano na Bosch. Miaka miwili baadaye gari dogo la A-Class lilipinduka katika jaribio la kukwepa kizuizi ghafla huko Uswidi, na Mercedes ikalazimika kuuweka kwenye kila A-Class. Marekani iliufanya wa lazima kwa magari madogo kuanzia yale ya mwaka 2012, na Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, magari mengi madogo yanayoshushwa Mombasa siku hizi yanao. Mengi ya zamani yanayobeba abiria na mizigo huku kwetu hayana, na dereva wake aendeshe akijua hivyo.

Kuujua hakuhitaji fundi. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Ikiwa gari lina kitufe chenye picha hiyo hiyo na neno OFF, lakini taa haiwaki hata kidogo, basi imechezewa au imeungua. Mwenye kununua gari alitazame hili kabla hajauliza bei.

Sasa, hufanyaje kazi? Kila gurudumu lina sensa inayopima mwendo wake. Sensa nyingine iko kwenye usukani, inasema dereva anataka kwenda wapi. Ya tatu huwa katikati ya gari, mara nyingi chini ya viti au baina yake, inasema mwili wa gari unazunguka kiasi gani na kusukumwa upande gani. Kompyuta hulinganisha anachotaka dereva na gari linachofanya. Bosch wanasema mara 25 kwa sekunde. Vikipishana, breki hubanwa kwenye gurudumu moja peke yake na nguvu ya injini hupunguzwa.

Tuchukue barabara ya Kilifi kuja Malindi, pale inapopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mvua ya kwanza ya masika ikiwa imechanganyika na vumbi na mafuta ya miezi mingi. Bodaboda inaingia barabarani na dereva anakata kushoto. Mkia wa gari ukianza kutoka kulia, mfumo hubana gurudumu la mbele kulia, na gari linavutwa kurudi kwenye mstari wake. Ikiwa ni pua ndiyo iliyokataa, yaani usukani umekatwa kushoto lakini gari linaendelea moja kwa moja, hubanwa gurudumu la nyuma kushoto ili pua iingie. Dereva ana pedali moja tu inayobana magurudumu yote manne kwa pamoja. Hata awe bingwa, jambo hili hawezi kulifanya kwa mguu wake.

Wakati huo taa humetameta na huenda ukasikia mngurumo chini ya pedali. Taa inayometameta maana yake mfumo uko kazini. Inayobaki ikiwaka maana yake una hitilafu au umezimwa. Watu wengi hapa huzigeuza hizi mbili. Ikimetameta, tazama unakotaka kwenda, elekeza usukani huko huko, na uondoe mguu kwenye mafuta polepole. Ukilazimika kusimama, kanyaga breki kwa nguvu na usiachie, hata pedali ikitetemeka. Wazee wetu waliojifunza kupampu breki kwenye Peugeot 504 walikuwa sahihi kwa gari lile. Kwenye gari lenye ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, kila unapoachia pedali unaongeza mita za kusimama.

Lakini mfumo huu hauongezi mshiko wa tairi barabarani. Unagawa tu ule uliopo. Kwenye lami iliyopeperushiwa mchanga karibu na Mambrui, mshiko wa kugawa ni kidogo, na tairi lililokwisha meno halina cha kuchangia. Mwendo ukitoka 50 kufika 100, nguvu inayotakiwa kuzuiwa inakuwa mara nne, si mara mbili. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vya mpira vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6, meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Kipimo cha upepo kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hicho ndicho cha kufuata, si cha kukisia kwa teke.

Kitufe cha OFF kina matumizi yake halali, na huku pwani tunayo: gari likikwama kwenye mchanga. Magurudumu yakizunguka bure, mfumo hukata nguvu ya injini, na gari linakosa msukumo wa kujitoa. Kwenye Toyota nyingi, kubonyeza mara moja huzima udhibiti wa magurudumu kuzunguka bure peke yake, na hiyo hutosha. Kushikilia kitufe kwa sekunde 3 au zaidi gari likiwa limesimama huzima na VSC. Ondoa mchanga mbele ya magurudumu, nyoosha usukani, punguza upepo wa tairi hadi psi 18 au 20, kisha ondoka kwa mafuta kidogo. Ukifika ardhi ngumu, bonyeza kitufe tena na ujaze upepo kabla ya kushika lami. Kwenye magari mengi mfumo hurudi wenyewe injini ikizimwa na kuwashwa. Kuuzima kwenye barabara kuu eti gari linapata wepesi ni upuuzi.

Nije kwenye hitilafu, ambako ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Kwenye Toyota, taa ya VSC ikiwaka pamoja na taa ya injini, anza na injini. Mfumo hauwezi kuiamuru injini yenye hitilafu ipunguze nguvu, kwa hiyo hujizima. Mashine ya kusomea hitilafu itaonyesha nambari C1201, na nambari hiyo haisemi breki zimeharibika. Tengeneza injini, mara nyingi taa zote mbili huzima. Nimeona C1201 ikiuziwa watu kama ugonjwa wa ABS. Aliyesoma hivyo ama hajui, ama anajua sana.

Kwenye Toyota hizo hizo, ikiwa ni C0200, tazama gurudumu la mbele kulia. C0205, la mbele kushoto. C0210, la nyuma kulia. C0215, la nyuma kushoto. Kabla ya kununua sensa, uliza kama beringi ya hapo ilibadilishwa karibuni. Beringi nyingi za kisasa zina utepe wa sumaku upande mmoja, na upande huo lazima utazame sensa. Ikiingizwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri na wala halitalia, lakini sensa haitasoma kitu. Kipande chepesi cha chuma, kama klipu ya karatasi, hunata kidogo upande wenye sumaku. Usiupige nyundo upande huo. Kisha tazama waya unaopita nyuma ya gurudumu, kama haujasuguliwa na kukatika ndani, na plagi yake kama haijaota kutu ya kijani. Chumvi ya hewa ya bahari haina huruma na shaba. Kutu ikiota chini ya sensa huinyanyua kidogo, na mwanya huo mdogo hupotosha usomaji. Na mafundi wenzangu, sensa hizi za kisasa hazipimwi kwa mita ya omu kama zile za zamani. Unaweza kuiua sensa nzima huku ukiitafutia ugonjwa.

C1231 ni sensa ya usukani. C1210 na C1336 maana yake sensa za katikati hazijaonyeshwa sifuri yao, yaani mahali pa kuanzia kupima. Hizi huweza kutokea baada ya alainimenti (kunyoosha magurudumu) au kufunguliwa usukani. Gari likitoka kwenye alainimenti usukani umekaa upande ilhali linakwenda moja kwa moja, kompyuta inadhani unakata kona. Usukani unyooshwe kwanza, kisha sifuri iwekwe kwa mashine: gari likiwa mahali tambarare, limesimama, hakuna anayepanda wala kufunga milango. Ukifanya kazi hii kwenye mteremko, umeifundisha kompyuta uongo.

Kuna na sababu za bei nafuu: swichi ya taa za breki iliyochoka, betri dhaifu, mafuta ya breki yaliyopungua, tairi la upande mmoja lenye ukubwa tofauti na wenzake, au lile tairi jembamba la akiba lililoachwa mwezi mzima. Kuinua gari kwa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, ili lipite njia mbovu za huko Marafa nako kuna gharama yake: mfumo ulipimwa kwa kimo cha kiwandani, na gari lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi. Kompyuta ya breki iwe ya mwisho kushukiwa.

Ombi langu kwa wenye karakana ni moja, na kwa wateja walidai: kabla kipuri chochote hakijanunuliwa, nambari ya hitilafu iandikwe kwenye risiti, pamoja na gurudumu inayolitaja. Kazi ikiisha, gari liendeshwe kilomita chache, mashine ichomekwe tena, na matokeo yaandikwe chini ya yale ya kwanza.

Fundi wa umeme wa magari,
Malindi