Kundi la WhatsApp lisiishie kwenye salamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanawake wenzangu tunaouza dagaa na mawese hapa Kigoma. Makundi ya WhatsApp tunayo, lakini yamejaa salamu za asubuhi na picha za maua, huku mteja aliyeko Tabora au Dar es Salaam akiendelea kununua kwa dalali kwa sababu hajui kwamba sisi tupo.

Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilijifunza jambo. Jirani yangu wa meza pale Ujiji, ambaye kila alipojaza mawese kwenye madumu aliyapiga picha na kuandika bei, ujazo na nauli ya mzigo, hakukosa wateja. Mimi niliyetegemea wapita njia nilikaa na meza tupu.

Ninaomba maofisa maendeleo ya jamii, wanapotuandaa kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ya mapato hayo ni ya wanawake, watufundishe pia kutunza kumbukumbu za oda na kumtambua tapeli anayetuma ujumbe bandia wa malipo. Huyo amewaliza wengi wetu. Nasi wenyewe tupeane wateja: aliyeishiwa dagaa amwelekeze mnunuzi kwa mwenzake, badala ya kumjibu kwamba mzigo umeisha, kisha akanyamaza.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Ujiji, Kigoma.