Asilimia mbili ya nini?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu grafu tunazotumiwa na watoa huduma za intaneti kila tunapolalamika.

Mimi ni fundi mtandao katika chuo kimoja hapa Morogoro. Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Muhula uliopita, kila ikifika saa nne asubuhi intaneti ilikuwa inagoma. Wanachuo hawafungui matokeo, mhasibu haingii kwenye mfumo wa malipo. Nikampigia mtoa huduma wetu. Jibu likaja na grafu: poti yenu (tundu la kebo yenu) inatumika kwa asilimia 2 tu, tatizo liko kwenu. Mkuu wa chuo akaisoma, kisha akaniangalia kama mimi ndiye niliyekata kebo.

Sasa asilimia 2 ya nini? Poti ile ya swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, ina uwezo wa megabiti 1,000 kwa sekunde. Programu yao ilichukua kilichopita ikakilinganisha na 1,000, wakati sisi tumeuziwa 20. Na 20 katika 1,000 ni hiyo hiyo asilimia 2. Grafu iliyosema tuna nafasi tele ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba tumejaa pomoni.

Kupima poti hakuna uchawi, ni kama mita ya maji: unasoma, unasubiri, unasoma tena, unatoa. Nilijifungia stoo, kwenye swichi yetu ya poti 24, nikasoma kihesabio cha data zinazotoka kwenda kwa mtoa huduma. Baada ya sekunde 60 nikasoma tena. Tofauti ilikuwa baiti milioni 147. Zidisha kwa 8 upate biti, gawa kwa 60: megabiti 19.6 kila sekunde. Zinazoingia hazikufika hata 3. Kumbe waliotumaliza si vijana na video zao, kama nilivyokuwa nikihubiri kwenye vikao. Sisi tulikuwa tunapakia, si kupakua.

Nikapita poti moja baada ya nyingine hadi ya 11. Hapo wingi ulikuwa upande wa "zinazoingia", kwa sababu swichi huhesabu ikijitazama yenyewe: kinachotumwa na kompyuta, kwake kinaingia. (Mafundi wengi chipukizi hukosea hapa, na mimi nilishawahi.) Ilikuwa kompyuta ya ofisi ya taaluma, ikinakili video za masomo kwenda hifadhi ya mtandaoni mchana kweupe. Nikaipangia kazi hiyo saa nane usiku. Kesho yake mhasibu aliingia kwenye mfumo bila kuniita. Ombi la kununua megabiti 40, ambalo nilikuwa nimeshaliandika kwa mkono wangu, nikaliondoa mezani kwa mkuu kimyakimya.

Kuna na hili la wastani. Grafu nyingi husoma kihesabio kila baada ya dakika 5. Darasa zima likifungua ukurasa mmoja kwa pamoja, poti ikajaa megabiti 20 kwa dakika moja kisha ikatulia dakika nne, grafu itaonyesha 4. Ni sawa na kuhesabu abiria wa daladala za Msamvu kwa siku nzima, ukatoa wastani, ukasema viti vipo. Mwambie hivyo anayening'inia mlangoni saa moja asubuhi.

Tena swichi za zamani zina kihesabio cha biti 32, yaani chenye nafasi ndogo ya namba, ambacho kwenye poti ya megabiti 1,000 iliyojaa hurudi sifuri kila sekunde 34 hivi. Ukikisoma kila dakika 5, namba unayopata ni ya kubahatisha. Kipo cha biti 64, kitumike hicho.

Ombi langu kwa watoa huduma ni dogo. Mkitutumia grafu, chini yake andikeni asilimia hiyo ni ya kasi gani, ya poti au ya mkataba, imepimwa kila baada ya muda gani, na mstari upi ni wa kwenda, upi wa kurudi.

Fundi mtandao,
Morogoro